Umeme Kichwani kwa Mgonjwa wa Kiharusi: Picha ya Ubongo Inasema Nini?

Ndugu msomaji, huenda umesikia redioni, au kijana wako amekuonyesha kwenye simu, kwamba huko Ulaya na Marekani wagonjwa wa kiharusi hutiwa umeme kichwani, na mikono yao iliyopooza huanza kufanya kazi tena. Habari hii ina ukweli ndani yake. Lakini mara nyingi husemwa nusu. Leo tutaisoma polepole, kama tunavyosoma darasani. Tutajifunza umeme huo ni wa namna gani, na wataalamu wanajuaje kama umefanya kazi. Kisha tutaona sisi wa kijijini tufanye nini na mgonjwa wetu aliye nyumbani sasa hivi.

KIHARUSI NI UGONJWA WA UBONGO

Mtu akipata kiharusi, sisi tunaona mkono na mguu vimelegea. Kwa hiyo tunakandakanda mkono na kuuchua kwa mafuta. Lakini mkono wenyewe hauna ugonjwa. Ugonjwa uko kichwani.

Ubongo hulishwa na damu inayopita katika mishipa. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu inayolishwa na mshipa huo hukosa oksijeni, na chembe zake huanza kufa baada ya dakika chache. Wakati mwingine mshipa hauzibi bali hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Namna zote mbili huitwa kiharusi. Mara nyingi chanzo chake ni presha ya juu ambayo haikutibiwa.

Nusu ya kulia ya ubongo huongoza mkono wa kushoto, na nusu ya kushoto huongoza mkono wa kulia. Njia za amri zinavukana pale ubongo unapokutana na shingo. Kwa hiyo ukimwona mzee amepooza mkono wa kulia, ujue kidonda chake kiko upande wa kushoto wa ubongo. Shika jambo hili. Litatusaidia tukifika kwenye picha.

Tusidhani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu za umri, walipata kiasi cha wagonjwa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai. Dar es Salaam walipata kiasi cha 316. Mjini ni karibu mara tatu ya shamba, lakini shamba nako si haba.

Mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono ukalegea ghafla, au maneno yakamkwama, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje asubuhi. Msimpe chakula wala uji kabla hajapimwa kama anaweza kumeza. Somo letu la leo linahusu siku zinazofuata, baada ya mgonjwa kurudi nyumbani akiwa hai lakini mkono umelala.

DARAJA LIKICHUKULIWA NA MAFURIKO

Chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki. Basi kwa nini wagonjwa wengine hupata nafuu?

Fikiri daraja la kijiji limechukuliwa na mafuriko. Watu hawaachi kwenda gulioni. Wanatafuta kijia kingine, kule juu mtoni penye mawe. Siku ya kwanza kijia hicho ni majani matupu. Watu wakipita kila siku, majani hufa na njia huonekana. Wasipopita, majani hurudi.

Ubongo nao hufanya hivyo. Chembe zilizobaki hai karibu na kidonda hujifunza kazi ya zile zilizokufa. Lakini hujifunza kwa kutumika tu. Mgonjwa akijaribu kushika kikombe mara mia, amri ya kushika kikombe inapita kwenye kijia kipya mara mia. Mgonjwa akilazwa kitandani na kulishwa kama mtoto, kijia hakipatikani. Wengi wetu, kwa upendo na kwa heshima ya wazazi, tunawanyima wagonjwa wetu kazi hiyo.

Sasa wataalamu wakajiuliza: je, tunaweza kuusaidia ubongo ujifunze haraka zaidi? Hapo ndipo umeme ulipoingia.

UMEME WENYEWE NI WA NAMNA GANI

Ubongo wenyewe hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Amri ya kuinua kidole ni umeme unaosafiri kutoka chembe hadi chembe. Mwaka 1870, mjini Berlin, madaktari wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, waligusa kwa waya wa umeme sehemu fulani ya ubongo wa mbwa. Mguu wa mbwa ukasogea, mguu wa upande wa pili. Tangu hapo watu wakajua kwamba kuna sehemu ya ubongo inayoongoza viungo, na kwamba umeme unaweza kuiamsha.

Umeme tunaousema leo haugusi ubongo kwa waya kama ule. Mwaka 2000, mjini Göttingen huko Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus walionyesha kwamba umeme dhaifu uliopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, bila kupasua fuvu, unaweza kubadili utayari wa ubongo. Mabadiliko hayo yaliendelea kwa dakika kadhaa baada ya umeme kuzimwa.

Hufanywa hivi. Vipande viwili vya sponji huloweshwa maji ya chumvi. Kimoja huwekwa kichwani juu ya sehemu inayoongoza mkono. Kingine mara nyingi huwekwa kwenye paji la uso, upande wa pili. Waya hutoka kwenye sponji hadi kwenye kisanduku kidogo chenye betri. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho. Husikia ngozi ikimwashawasha kidogo, basi. Baada ya kiasi cha dakika 20 kisanduku huzimwa.

Nguvu yake ni kiasi gani? Umeme hupimwa kwa ampea. Gawa ampea moja katika mafungu elfu. Fungu moja huitwa miliampea. Kwa kawaida mgonjwa hupewa miliampea 1 au 2. Balbu ndogo ya tochi ya zamani ya betri mbili hutumia kiasi cha miliampea 300. Kwa hiyo umeme huu hauwezi hata kuwasha tochi.

Umeme mdogo namna hii hauinui mkono. Haumwamuru mgonjwa chochote. Huzifanya chembe ziwe karibu zaidi na kuitikia amri. Ni kama mvua ya kwanza. Mvua hulainisha udongo, lakini haipandi mahindi. Mwenye shamba asipotoka na jembe na mbegu, mvua itanyesha na shamba litaota magugu. Jembe na mbegu katika habari yetu ni mazoezi ya mkono. Hii ndiyo ile nusu ya habari ambayo haisemwi kwenye simu. Katika majaribio tutakayoyasoma, umeme ulitolewa pamoja na mazoezi. Haukutolewa peke yake.

MTU ANAWEZAJE KUPIGA PICHA YA KAZI YA UBONGO?

Ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Mtaalamu akiweka sponji kichwani, atajuaje kama umeme umefika alikotaka? Atajuaje kama ubongo umeitikia? Akitazama mkono tu, atasubiri wiki nyingi. Ndiyo maana hutumia picha.

Mashine kubwa ya kazi hii huitwa MRI. Ina sumaku yenye nguvu nyingi sana. Mgonjwa hulala chali na kuingizwa kwenye tundu kama la pipa. Mashine hupiga kelele kama mtu anayegonga bati, kwa hiyo mgonjwa huzibwa masikio. Haruhusiwi kuingia na kitu cha chuma, kwa sababu sumaku hukivuta. Zahanati haina mashine hii. Iko katika baadhi ya hospitali kubwa, kama Muhimbili.

Picha ya kwanza huonyesha umbo la ubongo: kidonda kiko wapi, kina ukubwa gani, na kama ile njia kuu ya amri inayoshuka kwenda mkononi imekatika yote au imebaki sehemu.

Picha ya pili ndiyo ya ajabu zaidi. Huonyesha ubongo ukiwa kazini. Wenzetu wa Kilimanjaro wanaijua mifereji. Bustani ikitaka maji, mfereji hufunguliwa upande ule, na maji huongezeka pale. Ubongo nao una mifereji yake ya damu. Sehemu inayofanya kazi hufunguliwa damu nyingi zaidi, baada ya sekunde chache. Damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kutoa oksijeni haziitikii sumaku kwa namna moja. Mwaka 1990 mtaalamu Mjapani, Seiji Ogawa, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba tofauti hiyo inaweza kuonekana katika picha za MRI.

Basi mgonjwa akiwa ndani ya mashine huambiwa: kunja vidole, pumzika, kunja, pumzika. Kompyuta hulinganisha picha za kukunja na picha za kupumzika. Mahali penye tofauti hupakwa rangi. Ile rangi nyekundu unayoiona gazetini kwenye picha za ubongo si moto wala si umeme. Ni hesabu ya kompyuta kuhusu damu.

Mtu mzima wa afya akikunja mkono wa kulia, rangi huonekana zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Unakumbuka njia zinavukana. Lakini kwa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi rangi hutapakaa pande zote mbili. Ubongo unahangaika, unaita msaada huku na huku, kama kijiji kilichoshtuliwa usiku. Kwa wengi wanaopona vizuri, rangi hurudi polepole upande wenye kidonda, kwenye chembe zilizonusurika. Kwa hiyo mtaalamu hupiga picha kabla ya umeme na mazoezi, kisha baadaye, na kuzilinganisha.

MAJI HUFUATA BONDE

Picha hufundisha jambo jingine ambalo bila hiyo watu wasingelijua.

Ukifungulia maji shambani na ukingo una tundu, maji hayaendi kwenye mahindi. Hufuata bonde. Umeme nao hufuata njia rahisi. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi, baada ya miezi, huwa kama shimo lililojaa maji maji yenye chumvi, na maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi kuliko nyama ya ubongo. Sponji imewekwa mahali sahihi, lakini umeme umekengeuka kufuata shimo. Unene wa fuvu nao hutofautiana mtu na mtu. Kwa hiyo wagonjwa wawili waliowekewa sponji mahali pamoja, kwa kipimo kimoja, wanaweza kupata umeme usio sawa ndani ya ubongo.

Siku hizi wataalamu huchukua picha ya MRI ya mgonjwa, wakaiingiza kwenye kompyuta, na kompyuta hukadiria umeme utapita wapi katika kichwa hicho. Hata wameweza kumtia mgonjwa umeme akiwa ndani ya mashine ya picha yenyewe, kwa waya maalumu zisizovutwa na sumaku wala kupata joto la kuunguza.

MRI ni ghali na haibebeki. Kuna njia nyepesi zaidi: kofia yenye taa ndogo. Unaweza kuielewa leo usiku nyumbani kwako. Washa tochi yenye nguvu, funika kioo chake kwa kiganja, na zima taa nyingine. Utaona mwanga mwekundu umepenya vidoleni. Mwanga wa namna fulani hupenya mwili, na damu yenye oksijeni hunyonya mwanga tofauti na damu isiyo na oksijeni. Kofia hiyo hutuma mwanga kupitia ngozi na fuvu, na kupima unaorudi. Haifiki ndani sana, inaona juu juu tu ya ubongo. Lakini mgonjwa anaweza kuivaa akiwa amekaa mezani anafanya mazoezi yake.

JE, WAGONJWA WALIPONA?

Hapa ndugu msomaji uwe mwangalifu, kwa maana hapa ndipo watu huuziwa maneno.

Mgonjwa wa kiharusi akifanya mazoezi, mara nyingi hupata nafuu kiasi hata bila umeme. Sasa ukimtia umeme naye akapata nafuu, utajuaje nafuu imetoka wapi? Watafiti wana mbinu. Huwagawa wagonjwa mafungu mawili kama kwa bahati nasibu. Wote huvishwa sponji, wote hufanya mazoezi yale yale. Fungu moja hupata umeme wa kweli. Fungu la pili kisanduku huwashwa kidogo, ngozi ikawasha, kisha huzimwa kimyakimya. Mgonjwa hajui yuko fungu gani. Mwisho wanalinganishwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Oxford, Uingereza, akiwamo Charlotte Stagg na Heidi Johansen-Berg, walitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo. Wagonjwa walikuwa 24, na kiharusi chao kilikuwa cha zamani, si cha juzi. Walifanya mazoezi ya mkono kwa siku 9. Fungu la kweli lilipata miliampea 1 kwa dakika 20 kila siku, upande wa ubongo wenye kidonda. Baada ya miezi mitatu fungu la umeme wa kweli lilikuwa limeendelea zaidi katika vipimo viwili vya matumizi ya mkono. Katika kipimo cha tatu hawakutofautiana. Na picha za MRI zilionyesha nini? Wagonjwa wa umeme wa kweli walipoutumia mkono mbovu, kazi ya ubongo ilikuwa imeongezeka upande ule wenye kidonda. Mkono na picha vilisema lugha moja. Hii ilikuwa habari njema.

Lakini watu 24 ni wachache. Hawajazi hata basi dogo. Jaribio kubwa zaidi lilifanywa Marekani, na matokeo yake yakatoka mwaka 2025. Wagonjwa walikuwa 129, waliopata kiharusi kati ya mwezi mmoja na miezi sita kabla. Fungu moja lilipata umeme wa kuigiza, la pili miliampea 2, la tatu miliampea 4. Wote walifanya mazoezi makali ya mkono kwa wiki mbili. Wote waliendelea. Lakini mafungu hayakutofautiana. Waliopata miliampea 4 hawakuwazidi wale ambao kisanduku chao kilikuwa kimezimwa. Umeme haukuwadhuru, na haukuwaongezea.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, jaribio jingine la Marekani lilikwishaonyesha kwamba picha nzuri peke yake haitoshi. Pale madaktari walitumia MRI kutafuta sehemu inayoongoza mkono, kisha wakapasua fuvu na kuweka chombo cha umeme ndani, juu ya utando wa ubongo. Kwa jumla wagonjwa wale hawakuwazidi wenzao waliofanya mazoezi tu. Baadaye watu walipochambua hesabu, waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao njia ya amri ya kwenda mkononi ilikuwa ingali hai. Kwa maoni yangu hapa ndipo faida kubwa ya picha ilipo: kutambua mgonjwa yupi ana kijia kilichobaki, kabla ya kumwekea mashine na kumpa matumaini.

Kwa haki niseme pia kwamba mwaka 2021 Marekani iliruhusu chombo kingine cha umeme kwa wagonjwa wa kiharusi. Hicho hupandikizwa kifuani kwa upasuaji, na waya wake hugusa mshipa wa fahamu wa shingoni. Nacho hutumiwa pamoja na mazoezi. Umeme wa sponji kichwani bado ni kazi ya utafiti. Hospitali haiutoi kama inavyotoa dawa za presha.

KIKAO CHA UKOO

Tuseme baba amepooza mkono wa kulia. Watoto wamekaa kikao. Kijana mmoja anasema, "Kuna mtu mjini ana mashine ya umeme wa kichwa. Tuuze ng'ombe wawili tumpeleke baba." Mwingine anasema, "Tukiuza ng'ombe, watoto watasoma kwa nini?" Mama amenyamaza. Kila mmoja anampenda baba, na anayekataa anaogopa kuonekana mchoyo.

Ningekuwa nimeitwa kwenye kikao hicho, ningewaomba wazee ruhusa niseme, na ningesema msiuze ng'ombe. Ningewaomba mtu huyo wa mjini awaeleze mambo haya: je, baba amepigwa picha, na picha imeonyesha nini? Umeme ni miliampea ngapi? Nani atamfanyisha mazoezi, saa ngapi kwa siku? Mashine hiyo iko chini ya hospitali gani na daktari gani? Asiyeweza kujibu anatafuta ng'ombe.

Wala kijana fundi wa redio asijaribu kuunganisha waya za betri ya gari au ya sola kichwani kwa mgonjwa. Kisanduku cha hospitali kina kizuizi kinachopima kila wakati umeme usizidi. Betri ya gari haina kizuizi hicho. Mgonjwa anaweza kuungua ngozi. Na mtu aliyepata kiharusi huwa tayari yuko karibu zaidi na kifafa kuliko mtu mwingine.

Baba atumie dawa zake za presha kila siku, hata akijisikia mzima. Pesa kidogo itumike kwa nauli ya kliniki, na kama hospitali ya wilaya au ya mkoa ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aonwe huyo. Kazi nyingine yote ifanyike nyumbani.

SOKSI NA MAHARAGE

Kuna mazoezi ambayo yalishinda katika jaribio kubwa, na hayahitaji umeme. Matokeo yake yalitoka Marekani mwaka 2006. Watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla walihusika. Fungu moja walivalishwa glavu nene kwenye mkono MZIMA. Naam, mkono mzima ndio uliofungiwa, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Waliivaa karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa mazoezi saa nyingi kwa siku. Waliendelea kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa ingalipo. Hata ubongo ulionekana umebadilika: huko Ujerumani, mwaka 2000, watafiti waliwapima wagonjwa 13 waliofanya mazoezi ya namna hii, wakaona eneo la ubongo linaloongoza mkono dhaifu limepanuka.

Glavu si lazima. Soksi nene yatosha. Lakini njia hii si ya kila mgonjwa. Ni ya yule ambaye bado anaweza kuinua kiganja kidogo na kukunjua vidole kidogo. Mleteni kwanza zahanati au hospitali atazamwe. Kama mkono umelala kabisa, msifunge mzima. Huyo asaidiwe kuunyoosha mkono dhaifu kwa mkono wake mwingine, mara nyingi kwa siku, polepole. Mgonjwa asivae soksi akitembea, akishika fimbo, akiwa karibu na moto, au akinywa chai ya moto. Na mtu yeyote asimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza ili kumwinua. Bega lililolegea huteguka, na maumivu yake huwafanya wagonjwa waache mazoezi.

Kazi iwe ya kweli. Baba alikuwa akipukuchua mahindi? Apukuchue. Mama alikuwa akichambua mchele? Achambue, hata kama anachukua punje moja kwa dakika nzima. Msimnyang'anye kwa kumwonea huruma. Akichoka apumzike, kisha arudie.

Wataalamu wa Oxford walipima kabla, wakapima baada. Sisi hatuna MRI, lakini tuna maharage, na wewe sasa unajua kuandika. Chukua bakuli mbili. Weka maharage katika bakuli moja. Mgonjwa ayahamishe moja moja kwenda bakuli la pili kwa mkono dhaifu, kwa dakika moja ya saa. Hesabu aliyohamisha. Andika katika daftari tarehe na namba, kila siku wakati ule ule. Siku moja namba itapanda, siku nyingine itashuka kidogo. Hiyo ni kawaida, tazama wiki nzima.

Daftari hilo lije nanyi kila siku ya kliniki. Litamwambia mtabibu mengi kuliko "hajambo kidogo". Na mtu akija kuwauzia dawa au mashine, mwonyesheni namba za wiki mbili kabla, ili msije mkamlipa kwa maharage ambayo baba alikwisha kuyahamisha mwenyewe. Lakini kama jana alihamisha 12 na leo mkono hauwezi hata moja, msingoje siku ya kliniki. Huenda ni kiharusi cha pili. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na daftari mlibebe.